Dawa ya miti shamba ya tezi na mitoki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama umewahi kupita sokoni hapa Dodoma upande wa magome na mizizi, utakuwa umeiona: chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa kitu cheusi kama kahawa, na kwenye kipande cha plasta mtu ameandika kwa peni, TEZI. Mimi ni tabibu wa zahanati ya kijijini, upande wa Chamwino, na wagonjwa huingia na chupa hiyo mkobani. Maswali yaliyo hapa ninaulizwa na wagonjwa, na ndugu zao, na mara mojamoja na waganga wenyewe. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale mezani.

Dawa ya tezi inatibu au haitibu?

Tezi ipi? Sikwepi swali. Mtu mmoja akisema "nina tezi" anamaanisha mitoki ya kinena. Mwingine ana rovu, ule uvimbe wa mbele ya koo unaopanda na kushuka akimeza. Wa tatu ni mzee anayeamka usiku mara tano kwenda haja ndogo, huyo ana tezi dume. Wa nne ni mtoto mwenye mafindofindo, wa tano ana matubwitubwi, na wa sita ana kifua kikuu kilichoingia kwenye tezi za shingo bila kukohoa hata siku moja. Kiswahili chetu kimewabeba wote sita kwa neno moja, na mwenye chupa hana sababu ya kuwatenganisha maana wote ni wateja.

Kwa hiyo hakuna "dawa ya tezi", kama ambavyo hakuna "dawa ya homa" inayotibu kila homa. Mtu akikuambia dawa yake imethibitishwa, swali la kwanza ni imethibitishwa kwa ugonjwa gani kati ya hiyo. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu mitoki na tezi za shingo, kwapa na kinena, maana ndizo zinazonunuliwa dawa zaidi.

Mtoki ni nini hasa, na kwa nini unavimba?

Mwilini mna tezi za limfu zipatazo 600, zimepangwa kama vituo vya ukaguzi barabarani. Kila kituo kina eneo lake. Kidonda cha mguuni hukaguliwa kinenani, jino bovu chini ya taya, kidonda cha mkono kwapani. Kituo kikikamata vijidudu, askari hujaa pale, na tezi huvimba. Mara nyingi basi mtoki ni taarifa tu, na ugonjwa wenyewe uko kwingine.

Kuna mama aliniletea mtoto wa miaka kama mitano, shingoni kavalishwa uzi mweusi wenye vipande vitatu vya mzizi. Kisogoni alikuwa na tezi nne, kila moja kama punje ya karanga. Dawa ilikuwa ya kunywa na ya kuvaa, mwezi wa pili sasa. Nilimwomba anisogezee mtoto dirishani, nikatenganisha nywele kwa kalamu: mapunye, kichwa kizima, nywele zimekatikia kwenye ngozi. Tulitibu mapunye kwa vidonge wiki kadhaa, tezi zikanywea zenyewe. Uzi sikuukata. Mama aliutoa mwenyewe baadaye.

Nilitumia dawa ya babu nikapona ndani ya wiki. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi kwamba ulipona. Kilichokuponya ni swali jingine.

Tulipokuwa wadogo, mtoto akipata matubwitubwi tulimzungusha mti tukiimba yamwache aende nayo. Na kweli, baada ya wiki hivi mashavu yalirudi. Mti uliponya? Matubwitubwi husababishwa na kirusi, na kwa watoto wengi huisha yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi, uzungushe mti, usizungushe. Mitoki ya kidonda nayo ndiyo hivyohivyo: kidonda kikikauka, mtoki unashuka.

Sasa chukua mfano. Watu 10 wanakwenda kwa mganga na tezi. Tuseme 8 wangepona hata wangekaa nyumbani. Mganga anawapa mzizi, 8 wanapona, na kila mmoja anampa jirani habari. Wawili waliobaki mmoja anahamia kwa mganga mwingine, mmoja anazikwa. Marehemu hatoi ushuhuda. Ukifika pale kijijini kuuliza, utakuta mashahidi wanane wa kweli, wasiosema uongo hata kidogo, na dawa ambayo haikufanya lolote.

Ndiyo maana nikiambiwa "imewaponya wengi" siulizi idadi ya waliopona. Nauliza walioinywa ni wangapi, na wenye ugonjwa uleule ambao hawakuinywa walikuwaje.

Lakini watu wamezitumia tangu enzi za mababu. Kitu kisichofanya kazi kingedumu hivyo?

Kingeweza, na kimewahi. Uingereza na Ufaransa, kwa karne nyingi, kifua kikuu cha tezi za shingo kilitibiwa kwa kuguswa na mfalme. Mfalme Charles II wa Uingereza anakadiriwa kuwagusa watu zaidi ya 90,000 katika utawala wake. Mwaka 1712 mtoto aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, Samuel Johnson, alipelekwa London kuguswa na Malkia Anne. Hakupona, alipasuliwa, akabaki na makovu shingoni maisha yake yote. Lakini wengine walirudi nyumbani wakisimulia muujiza, na hawakuwa wakidanganya: TB ya tezi ina tabia ya kuvimba, kunywea, kupasuka, kukauka, kisha kurudi miezi baadaye. Ukiguswa wiki ile inaponywea, mfalme amekuponya.

Na wale walikuwa wasomi, wana vitabu na madaktari. Tusijione sisi tu ndio wepesi wa kuamini. Kwangu mimi, desturi kudumu ni sababu nzuri ya kuichunguza dawa, maana wazee wetu walikuwa na macho. Uchunguzi wenyewe ni kazi nyingine.

Na Kikombe cha Babu?

Wengi mnakumbuka 2011. Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kijiji cha Samunge, Loliondo, kikombe kimoja shilingi 500, foleni za magari hazioni mwisho. Hapa Dodoma pia watu walichangishana nauli. Mti wenyewe, mugariga, ulijulikana na wataalamu, na kinywaji kilionekana hakina sumu. Lakini "hakina sumu" na "kinatibu kisukari, saratani na UKIMWI" ni vitu viwili. Hasara kubwa haikutoka kikombeni. Ilitoka kwa waliorudi nyumbani wakaacha ARV na dawa za TB kwa kuamini wamepona.

Muuzaji anasema dawa yake "imepimwa na Mkemia Mkuu". Si inatosha?

Haitoshi, japo ni afadhali kuliko isiyopimwa kabisa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ikipokea chupa, inaangalia kama ina sumu, madini mazito, vijidudu, vitu visivyotakiwa kuwamo. Haimnyweshi mgonjwa wa tezi na kumfuatilia. Karatasi yake inajibu swali "itanidhuru?", tena kwa chupa ile iliyopelekwa, si ile iliyochemshwa Jumanne iliyopita.

Usajili nao uelewe hivyohivyo. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linasajili waganga na dawa. Mganga aliyesajiliwa anajulikana alipo, ana wa kumwajibisha. Nenda kwake kuliko kwa anayepita na spika juu ya bajaji. Ila cheti cha ukutani hakisemi kwamba mitoki yako itashuka.

Nimesoma ndulele imethibitishwa kuua seli za saratani. Kwa nini nisiitumie kwenye tezi?

Ndulele, wengine huita tunguja, yale matunda ya njano yenye miba pembeni mwa mashamba yetu. Ni kweli yana kemikali iitwayo solamajini, na maabara zimeonyesha inaua seli za saratani. Ndani ya sahani ya kioo.

Kwenye sahani ya kioo karibu kila kitu kinaua. Mwagia seli za saratani klorini ya kufulia, zitakufa zote. Chumvi nyingi, zitakufa. Mtihani ni kuua seli mbaya na kuiacha nzuri, kwa kiasi kinachoweza kufika kwenye tezi baada ya kupita tumboni na kwenye ini. Matunda hayohayo yana sumu, mfugaji yeyote anajua mbuzi wakiyala kwa wingi kinachotokea. Toka kwenye sahani hadi kwa panya ni hatua. Toka kwa panya hadi kwa watu wachache wanaoangaliwa usalama ni hatua nyingine. Kisha ndipo watu wengi, nusu wanapewa dawa, nusu hawapewi. Dawa nyingi hufia njiani. Habari ya mtandaoni inayosema "wanasayansi wamethibitisha" mara nyingi inazungumzia kituo cha kwanza kabisa cha safari hiyo.

Kuna mti wowote uliowahi kuthibitishwa kweli?

Ndiyo, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote kwa sababu pengine unao uani. Ni lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano na kitovu chekundu, linalovumilia jua letu la Dodoma na kuchanua mwaka mzima bila kumwagiwa maji. Asili yake Madagaska, jina lake la kitaalamu Catharanthus roseus. Sehemu nyingi za dunia watu walichemsha majani yake kutibu kisukari.

Miaka ya 1950 majani kutoka Jamaika yalipelekwa Kanada, kwa watafiti Robert Noble na Charles Beer. Panya walionyweshwa, sukari haikushuka. Wakawachoma sindano, sukari bado haikushuka, ila panya wakaanza kufa kwa maambukizi. Walipopima damu wakakuta chembe nyeupe zimeporomoka. Hapo mtu mwingine angetupa majani. Wao wakajiuliza: saratani za damu na za tezi ni chembe nyeupe zilizozidi, je, jani hili haliwezi kuzishusha? Kutoka kwenye jani lile zikapatikana vinblastini na vinkristini, na mpaka leo ni sehemu ya matibabu ya saratani za tezi za limfu, pamoja na ile ya taya za watoto inayoitwa Burkitt.

Angalia mambo mawili. Wazee walikuwa sahihi kwamba jani lina nguvu, na walikosea ugonjwa. Na chai yake si dawa: mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja tu, inapimwa kwa miligramu, inaingia kwenye mshipa, na ikizidi inaharibu neva. Tafadhali usiende kuyachemsha.

Mfano wa pili ni gome la Prunus africana, mti wa milima yetu ya Kilimanjaro na Usambara. Limefanyiwa majaribio 18 kwa wanaume zaidi ya 1,500 wenye tezi dume, na lilisaidia kiasi kwenye kukojoa. Sasa utasikia mtu anatangaza: "Gome hili, utafiti umethibitisha, linatibu tezi!" Hajasema uongo. Ila mwenye TB ya shingo akilinunua amenunua dawa ya ugonjwa wa mwingine.

Utomvu wa mnyaa je? Nimeambiwa upakwe juu ya tezi.

Hapana. Hapa sina "labda".

Mnyaa ni uzio wa maboma mengi ya kwetu, ukikata kijiti maziwa yanatoka papo hapo. Maziwa hayo yanaunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha. Zaidi ya hapo, maabara zimeonyesha kuwa yanakiamsha kirusi cha Epstein-Barr, kirusi kilekile kinachohusishwa na saratani ya Burkitt. Kwa binadamu ushahidi haujafikia kusema "mnyaa umemletea fulani saratani", lakini kupaka kitu cha namna hiyo juu ya tezi ya mtoto iliyovimba ni kumwaga petroli ukitafuta kiberiti.

Unga niliouziwa ulishusha tezi kwa siku tatu. Huo nao utasema ni bahati?

Huo ndio unaonitia hofu zaidi. Katika nchi nyingi, unga wa "asilia" ulipopimwa umekutwa una vidonge vya steroidi vilivyosagwa ndani yake. Steroidi hunyweza uvimbe haraka, hurudisha hamu ya kula, maumivu yanapungua, uso unanawiri. Mgonjwa anasema amepona. Kama ilikuwa TB, inasambaa huku kinga imelala. Kama ilikuwa saratani ya tezi, inajificha, na kinyama (kipande kidogo cha tezi) kikichukuliwa kupimwa wakati huo jibu linaweza kutoka si sahihi.

Ukiona dawa inafanya kazi haraka kupita kiasi, na ukiiacha tezi zinarudi kwa kasi, na uso unavimba kama mwezi, njoo nayo. Usiitupe, njoo na kifungashio.

Natumia dawa za TB ya tezi mwezi wa pili na tezi imeongezeka. Si bora nijaribu mizizi?

Baki kwenye dozi, rudi kituoni uonwe. Kwa baadhi ya wagonjwa tezi huvimba zaidi, au mpya hujitokeza, wakati dawa zinafanya kazi vizuri, kwa sababu kinga imeamka na inapambana na mabaki ya vijidudu. Matibabu ni miezi 6, bila malipo: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Wengine wanamaliza na bado kijivimbe kimebaki. Huu ndio wakati waganga wanapovuna: mgonjwa anahama mwezi wa tatu, tezi zinashuka mwezi wa tano kwa sababu ya dawa alizokwishakunywa, na sifa inakwenda kwa mzizi.

Naweza kuchanganya vyote viwili?

Dawa za TB zenyewe zinalisumbua ini. Ukiongeza kitu usichojua kina nini, macho yakigeuka njano hatutajua tumlaumu nani. Ukishakunywa, sema. Sitakugombeza, na ukikuta anayegombeza, sema hivyohivyo.

Ni lini niache kusubiri?

Tezi iliyofikia ukubwa wa zabibu nono, kama sentimita 2, na imekaa zaidi ya wiki mbili bila kushuka. Tezi ngumu kama jiwe, au isiyosogea ukiigusa. Tezi yoyote juu ya mfupa wa mtulinga, hata ndogo. Homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, nguo zinazopwaya. Mtoto ambaye taya limevimba na meno yanalegea, huyo usimngoje hata wiki: Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Na kama unatoka maeneo yaliyowahi kuwa na tauni, kama Lushoto kuanzia 1980, mtoki wa ghafla wenye homa kali na maumivu ni wa kuletwa kituoni siku ileile.

Hospitali watanifanya nini?

Watakuangalia eneo ambalo tezi ile inalinda, watapima VVU, kisha watavuta kidogo kwa sindano nyembamba au kuchukua kinyama. Sindano inauma kama ya kutoa damu. Haisambazi ugonjwa, hilo ni la vijiweni.

Mganga wetu yuko tayari dawa yake ichunguzwe. Kazi hiyo ingefanywaje?

Mheshimu sana huyo. Kuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, na NIMR, ndiyo taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Kwanza mti utambuliwe na mtaalamu wa mimea, maana jina moja la Kigogo kijiji cha pili linaweza kuwa mti mwingine. Kisha kipimo: "konzi moja" ya nani, ya mzizi wa masika au wa kiangazi? Usalama uangaliwe. Wagonjwa wapimwe kabla, wenye TB na saratani watolewe wakatibiwe, wabaki wenye ugonjwa mmoja unaofanana. Wagawanywe kwa bahati nasibu: hawa dawa, wale kinywaji chenye rangi na uchungu uleule kisicho na mzizi. Anayepima tezi kwa rula asijue nani yuko kundi gani, maana jicho lenye matumaini huona tezi imepungua. Na kabla ya kuanza waandike watahesabu nini, siku ya ngapi. Mwisho wahesabiwe wote, pamoja na walioacha njiani.

Nilimweleza hayo mganga mmoja. Akafikiri, akaniuliza: "Na zenu zote zilipita humo?" Swali zuri. Nilimjibu nyingi zimepita, na zilizopita vibaya huwa tunaziondoa. Hakuonekana kuridhika sana.

Mzee wangu hataki hospitali mpaka amalize dozi ya mganga. Nifanyeje?

Usishindane naye. Baba yangu mkubwa alikuwa hivyo, tezi chini ya sikio, na mimi tabibu ndani ya nyumba. Nilimwambia, sawa baba, tunywe, lakini tupime. Nikachukua uzi, nikauzungusha penye uvimbe, nikafunga fundo pale ncha zilipokutana. Tukakubaliana siku 14, yeye ndiye aliyechagua idadi, na uzi tukautundika kwenye kitasa cha mlango wake.

Siku ya 14 alinitangulia kuamka. Alikuwa ameketi kitandani na ule uzi, anajaribu kuukutanisha, na fundo haliwezi kufika. Akauweka juu ya godoro, akauliza basi la kwanza la mjini linapita saa ngapi.